Mwaridi
Mwaridi ni kichaka chenye miiba cha jenasi Rosa, kinachokuzwa kwa maua yake, waridi. Hutaka jua kwa muda wa saa 6 hivi kwa siku na udongo usiotuamisha maji. Huzidishwa kwa urahisi kwa vipandikizi. Tawi lililokwisha kutoa ua, lenye unene wa penseli, hukatwa sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya kifundo. Majani mawili ya juu huachwa. Nusu ya tawi hilo hufukiwa kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Machipukizi ya kwanza yasimdanganye mkulima: tawi huweza kuchipua kwa akiba yake kabla halijaota mizizi, na kuling'oa kulitazama hukata mizizi michanga. Lipewe wiki 4 hadi 8.