Kahawa ya Bukoba ilivyopandishwa milima ya wenyewe

Kila inapotajwa reli ya kisasa inayojengwa kati ya Isaka na Mwanza, husikika kauli kwamba Bukoba na Muleba hazina historia ya reli, kwa hiyo hazina cha kudai. Ni kweli kwamba hakuna garimoshi lililowahi kupanda Kamachumu wala kupiga honi Nshamba. Lakini kuanzia Desemba 1901, reli ya Uganda ilipofika Kisumu, kahawa na ngozi za Buhaya zilianza kusafiri kwa mvuke: meli hadi Kisumu, kisha garimoshi la geji ya mita moja hadi Mombasa. Mkoa huu wa Kagera umekuwa mteja wa reli ya milimani kwa miongo mingi, ukiilipia bila kuimiliki na bila kuulizwa ipite wapi. Hiyo nayo ni historia ya reli, na ndiyo inayoeleza kwa nini dai la leo la kuunganishwa na reli ni la haki.

Tazama njia yenyewe. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Kisumu, behewa la kahawa lilipandishwa ukingo wa Mau hadi zaidi ya mita 2,500, likateremshwa Bonde la Ufa, kisha likapandishwa tena ukingo wa Kikuyu kabla ya kuanza safari ndefu ya kushuka pwani. Ni kilomita 936 hivi za reli nyembamba yenye kona kali, na kwa miaka mingi tanuri zake zililishwa kuni. Injini za kwanza zilikuwa ndogo, hivyo kupandisha mzigo mzito kulitaka safari nyingi. Karibu na mwaka 1913 zililetwa kutoka Glasgow injini za muundo wa mhandisi Anatole Mallet. Boila ni moja, lakini chini yake kuna seti mbili za magurudumu: ya nyuma imefungwa imara, ya mbele ina egemeo na hugeuka yenyewe inapokutana na kona. Katika muundo wa asili wa Mallet, mvuke hufanya kazi kwanza kwenye silinda za nyuma, kisha hupelekwa kwa bomba kwenye silinda za mbele, ambazo ni kubwa zaidi, ukamalizie nguvu iliyobaki.   Werevu huo wote ulikuwa na gharama, na gharama ya usafiri hukatwa kwenye bei anayolipwa mwenye shamba. Mkulima wa Muleba ambaye hakuwahi kuuona Mau alikuwa anaulipia Mau.

Wajerumani, waliotawala Bukoba tangu Emin Pasha alipoanzisha kituo hapo mwaka 1890, waliliona jambo hilo vizuri. M. F. Hill, ambaye juzuu zake mbili za historia ya reli za Afrika Mashariki ndizo ninazozitegemea zaidi hapa, anawatazama zaidi wahandisi na maofisa kuliko wakulima. Hata hivyo kwake ugomvi wa Wajerumani na Waingereza juu ya mzigo huo unaonekana wazi. Mazao ya koloni la Mjerumani yalikuwa yanaitajirisha reli ya Mwingereza. Berlin ikajibu kwa reli. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, na mwaka huohuo kazi ikaanza Tabora ya kuchepusha njia mpya kuelekea kona ya mto Kagera, upande wa Rusumo, ili mali ya kaskazini-magharibi ishuke Dar es Salaam. Hii ndiyo reli iliyokuwa karibu zaidi kuingia mkoani kwetu. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaikatiza Agosti 1914 ikiwa haijafika mbali. Kisha njia ile ile ya biashara ikawa njia ya jeshi: Juni 1915 Brigedia Jenerali J. M. Stewart wa Uingereza aliwapakia askari wapatao 1,600 kwenye meli za reli ya Uganda huko Kisumu, Usoga, Rusinga, Nyanza na Winifred zikiwamo. Alfajiri ya tarehe 22 waliteremka kaskazini ya Bukoba, chini ya genge refu, wakalikwea. Siku ya pili waliuteka mji, wakaangusha mnara wa simu ya upepo, wakapora, wakarudi melini. Meli zilizokuwa zikibeba kahawa ya mji huo ndizo zilizoubebea mizinga.

Zipo hoja za kupinga. Ya kwanza ni kwamba kahawa ya Buhaya haikuletwa na garimoshi. Kweli kabisa: watu walitafuna akamwani, yaani buni, na kupeana kwa heshima muda mrefu kabla ya Mzungu. Ninachosema ni kwamba reli ndiyo iliyoamua zao hilo liuzwe kupitia wapi na mkulima abaki na kiasi gani. Ya pili ni kwamba milima yetu na ziwa vilifanya reli isiwezekane. Kolombia inaikanusha. Huko reli za milimita 914 zilipelekwa milimani kwenye kahawa yenyewe. Reli ya Antioquia ilitobolewa mlima La Quiebra, handaki likafunguliwa 1929, ili mto Magdalena uunganishwe moja kwa moja na Medellín. Milima yao si rafiki kuliko Kamachumu. Tofauti ni kwamba uamuzi wao ulifanyika kwao.

Mwaka 1928 reli ya Tabora–Mwanza ilifunguliwa, mzigo wa Bukoba ukapata njia ya pili, nayo pia ng'ambo ya ziwa. Miaka ya 1950 upande wa Kenya zilikuja injini kubwa za Garratt zilizopewa majina ya milima. Mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na milima yote miwili iko Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama na mamia ya watu, na tangu hapo malori yakachukua sehemu kubwa ya kazi.

Kwa hiyo wanaopanga reli ya kuelekea Ngara kwa ajili ya nikeli ya Kabanga wasiihesabu nikeli peke yake. Wahesabu pia kahawa ya Muleba, Karagwe na Bukoba, na wahakikishe gati la Kemondo linapakia mabehewa kwenye meli.