Bingwa wa miaka 17 aliyeondoka bila hata senti

WTA Finals, mashindano ya kufunga msimu wa tenisi ya wanawake, yanajulikana kwa mkwanja. Mwaka 2025 kule Riyadh, bingwa alisepa na dola milioni 5.235, zawadi kubwa kuliko zote katika historia ya tenisi ya wanawake. Sasa sikia hii: bingwa wa kwanza kabisa hakupata kitu.

Stori inaanzia Houston, Marekani, Septemba 1970. Wanaume walikuwa wanalipwa mara kadhaa zaidi ya wanawake. Wachezaji tisa wa kike wakachoka, wakasaini mkataba wa dola moja moja ili wawe na mashindano yao, huku wakijua wanaweza kufungiwa. Kampuni ya sigara ikatia hela, mambo yakaanza.

Mwaka 1972, fainali za kwanza zikapigwa Boca Raton, Florida. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 25,000. Binti wa miaka 17, mtoto wa Florida hukohuko, akamchapa mmoja wa wale tisa 7-5, 6-4. Tatizo moja tu: alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, na sheria ilimkataza kuchukua zawadi ya pesa. Taji lake, hela si zake.

Desemba hiyohiyo, siku alipotimiza miaka 18, akawa mchezaji wa kulipwa. Taji hilo akalibeba tena mara tatu.

Kwa hiyo ukiona mamilioni ya Riyadh, kumbuka ile dola moja. Ungekuwa wewe, ungesaini?