Kivu Haijafika Msawazo

Tangu mwaka 2020 nimekuwa nikisikia hapa Rusizi, Rwanda, sentensi inayosemwa kwa nia njema, ili kuwatuliza watu: Ziwa Kivu limefikia msawazo. Nusu ya sentensi hiyo naikubali. Hofu kwamba gesi ya kilindini inaongezeka mbio, na kwamba karne hii haitaisha kabla ziwa halijalipuka, imepoteza nguvu mbele ya vipimo. Nusu ya pili siwezi kuipitisha. Msawazo ni neno la kemia lenye historia yake, na anayelipima Kivu kwa historia hiyo ataliona ziwa lililo mbali sana na msawazo.

Vitabu vya shule huianza habari hii Norway, mwaka 1864, kwa Guldberg na Waage. Mimi huianza barani mwetu. Mkemia Mfaransa Berthollet, aliyefuatana na jeshi la Napoleon hadi Misri, alifika kwenye maziwa ya Natron, magharibi ya delta ya Nile, akakuta kingoni magadi mengi yamejikusanya. Alijua kwamba maabara ya Ulaya huonyesha kinyume: magadi yakichanganywa na kloridi ya kalsiamu, hupatikana chokaa na chumvi ya kawaida. Huko ziwani chumvi na chokaa zilikuwa nyingi kupita kiasi, na wingi huo ulikuwa umeurudisha mmenyuko nyuma ukazaa magadi, yaleyale ambayo mama zetu hulainishia maharage. Berthollet aliyasoma mawazo yake Cairo mwaka 1799, kisha akayapanua katika kitabu cha 1803. Wazo kwamba mmenyuko una njia mbili, na kwamba kiasi cha vitu huamua ni ipi itashinda, lilipatikana kwenye ufuo wa ziwa la Afrika. Wanafunzi wetu wanastahili kulijua hilo kabla ya kukariri kanuni yoyote.

Yaliyofuata yanajulikana. Gibbs alifundisha kwamba kila badiliko hutafuta kushusha nishati huru, na kwamba msawazo ni pale isipoweza kushuka zaidi. Nernst, mwaka 1889, aliunganisha mteremko huo na volti. Mawe ya tochi yanafanya kazi kwa sababu kemia iliyo ndani yake haijafika msawazo. Siku inapoufikia, volti ni sifuri na tochi imezimika.

Le Chatelier, ambaye kanuni yake ya 1884 hufundishwa kila mahali, alikuwa mtaalamu wa saruji, kwa hiyo angejisikia nyumbani Bugarama, hapa kwetu Rusizi. Pale kwenye chemchemi ya Mashyuza maji ya moto hutoka ardhini yakiwa yamebeba kaboni dioksaidi na chokaa iliyoyeyuka. Yakifika hewani gesi hutoroka, mizani huinama, na chokaa hutuama na kuwa jiwe. Jiwe hilohilo huchimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kilichoanza kazi mwaka 1984. Katika tanuri, kwenye joto la nyuzi 900 hivi, mizani huinamishwa tena: jiwe huvunjika, kaboni dioksaidi huondoka na chokaa kali hubaki. Chemchemi na tanuri ziko karibu, na kila moja inaitembeza kaboni dioksaidi kwa njia yake.

Sasa ziwa lenyewe. Mbelgiji Hubert Damas, katika safari yake ya 1935, ndiye aliyegundua kwamba maji ya kilindi cha Kivu yamejaa gesi. Leo tunajua kuwa, ikipimwa kwa ujazo wake juu ya ardhi, kaboni dioksaidi ni kilomita za ujazo 300 hivi na methani ni 60 hivi. Ghuba ya Bukavu, ile tunayoitazama kutoka Cyangugu, ina kina cha mita 100 tu na haina hazina hiyo. Hazina iko kaskazini, katika beseni kuu lenye kina cha mita 485, chini ya mita 250 hivi, ambako chemchemi za chini ya maji zimetandaza tabaka zito la maji ya chumvi.

Kwa nini gesi hiyo haitoki? Jibu lilichapishwa mwaka 1803, uleule wa kitabu cha Berthollet, na Mwingereza William Henry: kadiri mgandamizo unavyozidi, ndivyo maji yanavyomeza gesi zaidi. Kaboni dioksaidi humezwa kwa urahisi zaidi ya mara 20 kuliko methani. Ndiyo maana methani, ijapokuwa ni sehemu ya tano tu ya mwenziwe, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mgandamizo wa gesi humo. Hata hivyo jumla ya mgandamizo huo, mahali inapokikaribia zaidi kikomo, ni karibu nusu tu ya kiwango cha kuzalisha mapovu. Ziwa Nyos la Kameruni, lililoua watu zaidi ya 1,700 mwezi Agosti 1986, lilitufunza matokeo ya kuvuka kikomo hicho.

Hapo ndipo ubishi wetu unapozaliwa. Klaus Tietze, Mjerumani aliyepima ziwa mwaka 1974 na 1975, alituachia takwimu ambazo wengi huzitaja bila kuzisoma. Mwaka 2005 Martin Schmid na wenzake walilinganisha vipimo vyao vipya na vya Tietze, wakaona methani imeongezeka kwa asilimia 15 hivi katika miaka 30. Wahubiri wa maangamizi waliishika taarifa hiyo na hawajaiachia; hao sina la kuwaambia, maana hawakuwahi kuuliza vipimo vilifanywaje. Schmid mwenyewe aliendelea kuuliza. Mwaka 2020 jina lake lilikuwa kwenye makala ya Fabian Bärenbold na wenzake, pamoja na majina ya Ange Mugisha na Augusta Umutoni. Walipima kwa mbinu mbalimbali, wakazilinganisha, wakahitimisha kwamba ongezeko halionekani na kwamba kiasi cha gesi kiko karibu na hali thabiti. Mtafiti anayekubali kurekebishwa na ziwa lilelile alilolipima namheshimu kuliko yule asiyekosea kwa sababu hajapima.

Lakini hali thabiti siyo msawazo. Duka linalouza kila siku kiasi kilekile linachoingiza huonekana na rafu zilezile mwaka mzima, wakati mali yake haitulii hata saa moja. Ndivyo ilivyo kwa Kivu. Vijidudu vya kilindini hutengeneza methani, sehemu kubwa yake kutokana na kaboni dioksaidi inayotoka ardhini. Chemchemi huyasukuma maji juu polepole, kwa karne kadhaa. Vijidudu vingine huila methani pale inapokutana na oksijeni, na mto Rusizi huyatoa maji ya juu kupitia hapa kwetu.

Elektrokemia inatupa kipimo cha umbali uliobaki. Oksijeni ya Kivu haishuki chini ya mita 60 na kitu, na ndiyo sababu samaki wa sambaza hawavuliwi chini ya hapo. Oksijeni inapopokea elektroni na kuwa maji, kipimo chake ni volti 0.82; kaboni dioksaidi inapopokea na kuwa methani, ni volti -0.24. Tofauti ni volti 1.06. Zidisha kwa elektroni 8 za kila molekuli, kisha kwa kulombu 96,485 za kila moli, upate kilojuli 818 hivi. Majedwali ya thermodinamiki yanatoa hesabu ileile kwa methani inayoungua. Kivu basi ni jiwe la tochi lililojaa chaji: oksijeni juu, methani chini, na ukuta wa maji mazito katikati. Nguvu hiyo ndiyo inayozalisha megawati 26 za mtambo wa umeme wa KivuWatt kule Karongi.

Kwa hiyo neno tunalochagua lina uzito. Kitu kilicho katika msawazo kikisukumwa kidogo hujirudi, kama alivyofundisha Le Chatelier. Ziwa linalotulizwa na kinachoingia na kinachotoka halitupi ahadi hiyo. Chemchemi zikibadilika, au mabomba ya kuvuta gesi yakiongezeka, rafu zitabadilika pia. Watu wa Rusizi waambiwe ziwa lao liko katika hali thabiti, na waambiwe vilevile kwamba tunajua hivyo kwa sababu kuna watu wanaoendelea kushusha vipimo vyao majini. Lingekuwa limefika msawazo kweli, kusingebaki methani ya kupima wala ya kuwasha.