Kokwet, Baraza na Kaunti: Sheria za Utawala wa Mitaa katika Nchi ya Chai

Istilahi "serikali za mitaa" yafaa ichunguzwe inapotumiwa kuhusu Kericho na Bomet. Mtaa ni neno la mji, na vilima vile havikuwa na mitaa. Wakipsigis walikuwa na kokwet, yaani ujirani pamoja na kikao cha wazee wake, kilichosuluhisha magomvi pasipo kumtambua mtawala mmoja. Sheria ya kikoloni ya 1902 kuhusu wakuu wa vijiji, na ile ya 1912 juu ya mamlaka ya wenyeji, zilihitaji mtu wa kupokea amri. Kokwet haikuwa na mtu wa namna hiyo, akaundwa.

Marekebisho ya 1924 yalileta Mabaraza ya Wenyeji. Baraza, kwa watu wa pwani, ni kibao cha mawe nje ya nyumba, ambapo wenye rika huketi na kuzungumza. Katika baraza hili jipya mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, Mwingereza, na maazimio hayakuwa na nguvu mpaka yaidhinishwe na waliokuwa juu yake. Hata hivyo liliweza kutoza ushuru na kuutumia kwa shule na barabara, jambo lisilopasa kudharauliwa.

Katika miaka hiyohiyo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho katika ardhi iliyokwisha kutwaliwa. Hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Mamlaka ya Baraza la Wenyeji yalikomea mpakani mwa hifadhi. Kufuatia ripoti ya tume ya Jaji Feetham ya 1927, sheria za 1928 ziliweka manispaa, na mabaraza ya wilaya kwa nchi za walowezi. Mchuma chai aliyelala katika nyumba ya kampuni hakuwa na sauti katika utawala wa ardhi aliyoishi. Na kama alitoka kwa Waluo au Wagusii, hakuwa nayo hata katika baraza la Wakipsigis. Maji, nyumba na njia, vyote alivitazamia kwa mwajiri.

Sheria ya 1950 ilibadili majina zaidi ya mambo. Ni kanuni za 1963 zilizoweka shamba la kampuni na iliyokuwa hifadhi chini ya sheria moja. Lakini sheria ya 1969, iliyoanza kutumika 1970, iliyaondolea mabaraza ya kaunti shule za msingi, afya na barabara, yaani kazi zilezile zilizompa mwananchi sababu ya kulijali baraza. Sura ya 265 ya Sheria za Kenya nayo ikampa waziri uwezo wa kuidhinisha makadirio ya fedha na sheria ndogo. Kiti cha mkuu wa wilaya kilikuwa kimehamia Nairobi.

Utaratibu huo ulikoma 2013, serikali za kaunti zilipoanza chini ya Katiba ya 2010. Bomet, iliyotengwa na Kericho 1992, ikawa kaunti yake yenyewe. Katiba hiyo iliziruhusu kaunti kutoza kodi ya majengo na ardhi, na ikapunguza ukodishaji wa ardhi kwa wasio raia usizidi miaka 99, ilhali mashamba mengi ya chai yalikuwa yamekodishwa kwa miaka 999. Kericho na Bomet hazikukawia kupeleka madai ya ardhi hiyo mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi.