Mawimbi ya Hewani juu ya Ziwa Tanganyika

Kabla ya reli na kabla ya simu, habari iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilisafiri kwa miguu ya wapagazi, na aghalabu ilichukua miezi mitatu au zaidi kwa njia ya Tabora, maadamu mvua hazikuzidi na watemi waliokaa kati hawakuwa vitani. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, miongoni mwa vitu alivyomkabidhi ulikuwamo mfuko wa barua uliofungwa Unguja Novemba 1870, ambao ulikaa njiani mwaka mzima kwa uzembe wa waliopewa kuubeba. Masafa hayo, yasiyozidi sana kilomita 1,100 kwa mstari mnyoofu, wimbi la redio huyakata kwa muda usiofika sehemu ya mia ya sekunde. Walakini kwamba laweza kwenda upesi ni jambo moja, na kwamba litafika, na likifika litakuwa na nguvu kiasi gani, ni jambo jingine, nalo limewashughulisha wanahisabati tangu mwanzo wa karne ya ishirini hadi leo.

Shida ilianza Desemba 1901, Marconi alipodai kuipokea Newfoundland ishara iliyorushwa kutoka Cornwall, ng'ambo ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 3,000, ilhali kila aliyesoma falaki alijua kwamba dunia ni duara na kwamba katikati ya sehemu mbili hizo bahari imejitokeza kama mlima wa maji. Mwaka uliofuata Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa akili yake, walidhani kwamba juu sana hewani pana tabaka lenye kupitisha umeme, ambalo hulirudisha wimbi chini, nao walikuwa sahihi. Wengine waliitafuta siri ardhini. Mjerumani Zenneck, mwaka 1907, alieleza wimbi lenye kushikamana na uso wa nchi, na mwaka 1909 Sommerfeld wa Munich akaandika hesabu ya mlingoti uliosimama juu ya ardhi tambarare, isiyo na kilima wala bonde, yenye udongo wa namna moja pande zote hata upeo wa macho. Yeyote aliyepata kusimama juu ya vilima vya Kigoma akatazama magharibi atafahamu kwamba Sommerfeld hakuwa amepafikiria mahali hapa.

Kwani ziwa hili limelala ndani ya ufa. Uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, urefu wake ni kilomita 670 na zaidi, upana wake kwa wastani kilomita 50, na kina chake, panapozidi, ni mita 1,470. Pande zote mbili kingo za ufa zimesimama, na upande wa Kongo milima imepanda kwa ghafula kutoka majini. Dhana zote tatu za Sommerfeld, yaani utambarare, udongo wa namna moja na kutokuwapo vizuizi, hukosekana hapa kwa pamoja, na kwa kadiri nionavyo mimi, historia yote ya hesabu hii baada ya 1909 ni historia ya kuziacha dhana hizo moja baada ya moja.

Wakati wenyewe wa hesabu hiyo, Ujiji ilikuwa imekwisha kuunganishwa na dunia kwa waya, maana simu ya Cecil Rhodes, iliyokusudiwa kutoka Rasi hadi Cairo, ilipanda kutoka kusini kandokando ya ziwa na kukomea hapo. Wajerumani kwa upande wao walijenga mitambo ya simu isiyo na waya Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Kigoma, ambako reli ilifika 1914, walileta meli, lakini si mtambo wa namna hiyo. Upungufu huo ulionekana vitani. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka merikebu ndogo Kingani karibu na pwani ya Kongo, na waliobaki Kigoma hawakuwa na njia ya kujua limewasibu nini wenzao. Majuma sita baadaye Hedwig von Wissmann ikatumwa kupeleleza habari zake, nayo ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha Graf von Goetzen kwa mikono yao wenyewe na kuiacha Kigoma kwa Wabelgiji. Nani ajuaye kama mlingoti mmoja na mtambo mdogo ndani ya meli vingalibadili mambo. Lakini kupelekwa meli ya pili kutafuta ya kwanza ni ghali mno kwa kazi ya tarishi.

Ulaya na Marekani wanazuoni walikuwa bado wakibishana juu ya wimbi la Zenneck, kama lipo kweli au ni la kwenye karatasi tu, na ubishi huo haukuamuliwa baharini bali ziwani. Katikati ya miaka ya 1930 Burrows, wa maabara za Bell, alikwenda Seneca, ziwa refu, jembamba na lenye kina katika jimbo la New York, akapima mawimbi ya urefu wa mita mbili juu ya maji baridi, akaona kwamba nguvu hupungua upesi kuliko wimbi lile lilivyoahidi. Wakati huo huo Norton alizifanya fomula za Sommerfeld kuwa nyepesi, hata fundi wa kawaida akaweza kuzitumia, naye fundi alitakiwa kujua jambo moja kubwa: ardhi au maji yaliyo chini ya wimbi hupitisha umeme kwa kiasi gani.

Juu ya jambo hilo Tanganyika si kama Seneca, wala si kama bahari. Maji yake hunyweka, lakini yamekusanya chumvi chumvi za karne nyingi, maana yanayotoka kwa mto Lukuga ni machache mbele ya yale yanayopotea kwa jua. Kwa hiyo hupitisha umeme kadiri ya siemens 0.07 kwa mita, ambapo bahari hufika 4 au 5, na udongo mkavu huenda usizidi sehemu moja ya elfu. Wimbi la kati, kama yale yaliyotumiwa kwa utangazaji, lichukuliapo nchi kavu ya Uvinza kama mchanga mzito chini ya miguu ya msafiri, huliona ziwa njia iliyo nyepesi zaidi. Mwaka 1949 Mwingereza Millington alitoa kanuni ya safari zinazochanganya nchi na maji, akaonyesha jambo ambalo mwanzoni halikubaliki kwa urahisi: wimbi lililochoka kwa kupita bara, likifika pwani na kuingia majini, nguvu yake yaweza kupanda tena kwa kitambo kabla ya kuendelea kushuka. Vipimo vilivyofuata vikamthibitisha.

Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza, ikisikika mjini humo tu. Utangazaji ulipopanuka, na hasa baada ya Redio Tanzania kuundwa mwaka 1965, mtu wa Ujiji aliweza kuipata Dar es Salaam kwa mawimbi mafupi, ambayo hayashughuliki na udongo wala milima, bali hupanda hadi tabaka la Kennelly na Heaviside na kuteremka mbali. Mwaka huo huo wa 1965 Che Guevara na wenzake wa Kuba walivuka kutoka Kigoma kuingia Kongo; katika majuma yao ya mwisho walizungumza na Kigoma kwa redio, maana kambi yao ilikuwa ukingoni ikielekea maji, lakini kuvuka milima iliyo nyuma yao, kwa wapiganaji waliokuwa bara, barua zilipelekwa kwa miguu kama zama za misafara.

Kwa redio za FM za siku hizi mzigo wa hesabu umehama kutoka kwenye umeme wa maji kwenda kwenye umbo la nchi. Kwa upana wa kilomita 50, duara ya dunia huyainua maji ya katikati kiasi cha mita 49 juu ya mstari unaounganisha kingo mbili, ingawa hewa kwa kulipinda wimbi huupunguza mwinuko huo hadi karibu mita 37. Mlingoti juu ya kilima huuvuka bila taabu, ilhali mtumbwi wa mvuvi wa dagaa hauvuki. Longley na Rice, mwaka 1968, ndio waliotoa kanuni mashuhuri ya nchi yenye vilima, na picha za rada zilizopigwa kutoka angani Februari 2000 zikawapa mafundi urefu wa kila mlima wa ufa huu, hivyo kwamba leo kijana mwenye kompyuta huweza kuchora ramani ya usikivu wa Kigoma bila kupanda kilima kimoja. Ramani hiyo humwonyesha kwamba vijiji vilivyo chini ya milima ya Mahale, yenye kilele cha mita 2,462, viko mbali na Kigoma kupita mara mbili ya umbali wao na Kalemie, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, na kwamba kati yao na Kalemie pana maji matupu. Anayetaka Mahale isikie Kigoma hana budi kujenga mlingoti wa pili kusini.