Kiswahili, Rangi na Elimu ya Wasichana katika Kongo ya Wabelgiji

Mwaka 1956 Thomas Kanza alipata lisansi katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, akiwa Mkongo wa kwanza asiye padri kufika daraja hilo. Mwaka 1961 dada yake mdogo, Sophie, alimaliza shule ya sekondari, naye akawa msichana wa kwanza wa Kongo kufanya hivyo. Baba yao alikuwa mmoja, Daniel Kanza. Mji wao mmoja, Léopoldville. Mtafiti anayeeleza uhaba wa elimu wa zama zile kwa ubaguzi wa rangi peke yake hana budi kusimama mbele ya nyumba hiyo na kujiuliza kwa nini mtoto mmoja alifunguliwa mlango mapema kuliko mwingine.

Ubaguzi wa rangi ulikuwepo, tena waziwazi. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao, na shule rasmi zisizo za misheni zilifunguliwa kwa Waafrika mwaka 1954 tu, chini ya waziri Auguste Buisseret. Kabla ya hapo elimu ya Waafrika ilikuwa mikononi mwa misheni, za Kikatoliki hasa. Zile za Kiprotestanti hazikupewa ruzuku mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili.

Lakini ndani ya shule hizo za Waafrika palikuwa na mpaka mwingine, nao ulikuwa wa lugha. Katika Katanga, ambako kampuni ya Union Minière iliwakabidhi mapadri Wabenedikti shule za kambi zake, mtoto alianza kusoma kwa Kiswahili. Mvulana aliyechaguliwa alivuka baadaye kuingia Kifaransa, lugha ya mitihani, ya sheria na ya ukarani. Msichana alibaki upande wa huku: kushona, usafi, malezi, katekisimu. Wapenzi wa Kiswahili huwasifu wamisionari kwa kuikuza lugha hii, na sifa hiyo si bure. Hata hivyo Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyofungamana na utawala na kazi ya migodini. Kosa si la lugha. Lugha yoyote anayopewa mtu bila njia ya kuifikia ile inayoandikiwa mishahara na hukumu humgeukia kuwa ua.

Matokeo yake yalionekana nyumbani. Wasomi wa Kiafrika wa miaka ya 1950 walilalamika kwamba wake zao hawakuweza kuzungumza nao kwa Kifaransa, kana kwamba wanawake hao walijinyima wenyewe! Dawa iliyotolewa ilikuwa vituo vya malezi ya nyumbani, kama kile cha Usumbura kilichochunguzwa na Nancy Rose Hunt mwaka 1990: cherehani zaidi, upishi zaidi.

Mageuzi ya mwaka 1948 yaliwafungulia wavulana sekondari ya masomo ya jumla. Wasichana walipangiwa hasa ufundi wa nyumbani na ualimu. Hapa mwanafunzi wa sosholojia aangalie sana takwimu. Shule za ufundi wa nyumbani zilihesabiwa miongoni mwa shule za baada ya msingi, hivyo anayejumlisha safu bila kuuliza kilichofundishwa atadhani wasichana walikuwa wakipanda ngazi ileile.

Sophie Kanza alichagua sosholojia hiyohiyo, akahitimu Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuingia serikalini. Sayansi za jamii zilihamishiwa Lubumbashi mwaka 1971, vyuo vikuu vilipounganishwa. Benoît Verhaegen alichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kisangani mwaka 1990. Kambi za Katanga bado zinastahili uchunguzi wa namna hiyo. Wanawake walioketi katika madarasa ya ushonaji ya miaka ya 1950 wamebaki wachache, na wengi wao watasimulia kwa Kiswahili.