Owen Si Jina la Mjaluo, Ama?

Wasee, kila nikijitambulisha hapa Kisumu swali ni moja: "Owen ndio jina la kwanza, sio?" Zii. Ni la mwisho. Ni la kwaru, babu yangu. Na kwa sababu linaanza na O kama Otieno na Omondi, kuna watu huamini ni la kwetu kabisa.

Mimi mwenyewe nilikua nikidhani ni la Michael Owen, yule wa Liverpool aliyewafunga Argentina 1998 akiwa na miaka 18. Maowen wa rika langu ninaowajua, baba zao walikuwa mashabiki tu. Kumbe letu ni la zamani. Dani aliniambia kwaru alibatizwa hivyo kwa heshima ya Arkidikoni Walter Edwin Owen, mmisionari wa CMS aliyeletwa Kavirondo, yaani Nyanza ya leo, 1918.

Huyo mzee si rahisi kumweka kwa kapu moja. Aliandika barua hadi kwa magazeti ya Uingereza akilalamikia kazi ya lazima, mpaka masetla wakambandika jina la shetani mkuu. Hapo namkubali. Lakini 23 Desemba 1921 vijana waliosoma Maseno, akina Jonathan Okwiri, walikuwa wamekutana Lundha kule Gem wakaanzisha Young Kavirondo Association. Wazee wakaita vuguvugu lile Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walitaka kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, na Kenya, iliyofanywa koloni 1920, irudi kuwa himaya. 1923 Owen akashika usukani, jina likawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, na ghafla ajenda ni kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Vyoo ni muhimu, sikatai. Lakini ule moto alizima.

Sasa cheki hii. Owen hata si jina la Kiingereza kwa asili. Ni la Wales, Owain. Wawelshi walikuwa wanasema "ab Owen", mwana wa Owen, vile sisi husema wuod. Waliponyooshewa mambo na sheria za Uingereza za 1536 na 1543, mtindo wa jina moja la kudumu la familia ukazidi kushika, na "ab Owen" wengine wakabaki Bowen. Kwa hivyo kwaru alipewa jina la watu ambao nao waliandikishwa upya na mtawala. Hiyo nilicheka peke yangu kwa matatu ya Kondele.

Binamu yangu anataka tulifute kwa vitambulisho. Dani hataki kusikia, anasema mumewe aliitikia jina hilo hadi akafa. Mimi niliacha kampasi, sina la kumfundisha mtu, lakini najua kwaru alikuwa na jina lingine kabla ya ubatizo: Odhiambo, alizaliwa jioni.

Mtoto wa ndugu yangu alizaliwa juzi. Kwa fomu ya cheti ameandika jina la kwanza, kisha Odhiambo, halafu kwa la mwisho ameacha nafasi. Fomu iko mezani tangu Jumatatu.